Maji Bado Mageni

Samaki watatu wa kwanza tuliwazika kwenye chungu cha waridi,
roshani ya ghorofa ya nne, Desemba, udongo umeganda,
Tymon akichimba kwa kijiko cha chai.
Hakulia. Alimwambia baba yake, si mimi:
"Lakini maji yalikuwa safi kabisa."

Na kweli yalikuwa safi.
Mimi ndiye niliyeyajaza, ndoo kwa ndoo,
nikaosha changarawe hadi vidole vikafa ganzi,
nikapangusa kioo kwa gazeti, nikawasha taa,
nikasema, haya, nyumba tayari.
Siku ya nne wote walikuwa juu, midomo wazi,
wakiomba hewa mlangoni mwa hewa.

Jina la mji huu, Łódź, maana yake mashua,
na mto wake umezikwa chini ya lami;
tramu hupita juu yake, hakuna anayevua kofia.
Nilihamia hapa Oktoba na masanduku mawili
na chungu kile cha waridi,
kwa mwanamume mwenye mtoto wa miaka tisa
na mswaki wa tatu kwenye bilauri
ambao hakuna aliyethubutu kuutupa.

Bi Halszka wa ghorofa ya pili alicheka.
Tangi lake lina miaka ishirini na miwili,
samaki wake wanene kama wakaguzi wa tiketi.
"Safi? Binti, usafi ndio uliowaua.
Samaki anakunya alimolala.
Anachokitoa kinamrudia, kinamchoma matamvua.
Wanaoila sumu ile hawaonekani kwa jicho
na hawaji kwa kuitwa.
Wape wiki tano. Wape sita."

Akafungua chujio lake, akatoa sifongo
nyeusi kama masizi, yenye harufu ya udongo ulionyeshewa,
akaitia kwenye mfuko wa mkate.
"Usiioshe kwa maji ya bomba, ole wako.
Huo uchafu ni ukoo mzima."

Ndipo tukaanza kufuga maji.
Tangi bila samaki, taa ikimulika changarawe,
chujio likinong'ona usiku kucha kama mtu anayehesabu deni.
Kila jioni, chembe za chakula kwa wasiokuwapo:
kioze, kiwe sumu, sumu nayo ipate wa kuila.
Kila asubuhi kabla ya shule, matone manane,
tikisa, ngoja dakika tano.
Tymon alishika saa. Mimi nilishika vichupa dirishani,
theluji nyuma yake, rangi isije ikatudanganya.
Amonia: kijani. Kijani. Kijani iliyokolea.
Wiki ya tatu nitriti ikapanda, zambarau ya joho la askofu,
maji yakafanya ukungu kama maziwa,
nami nikabeba ndoo niyamwage yote.

"Acha," akasema mtoto.
Neno lake la kwanza kwangu lisiloomba chumvi.

Siku ya thelathini na moja, kijani ikawa njano,
zambarau ikawa samawati.
Tulinunua watano tu, japo alitaka kumi na wawili.
Mfuko ukaelea dakika ishirini, taa imezimwa,
kikombe cha maji yetu ndani yake, kisha kingine,
wayazoee kabla ya kuyaingia.
Chakula kidogo: tumbo la samaki halizidi jicho lake.
Jumamosi robo ya maji hubadilishwa, robo tu,
ya bomba yakiwa yamelala ndooni na dawa ya klorini,
yamepashwa moto hadi mkono usiyahisi.
Mmoja alikufa hata hivyo. Hatujui kwa nini.

Februari, usiku wa manane, nilimkuta sebuleni,
kiganja kwenye kioo.
"Ishirini na nne," akasema, bila kugeuka,
akasogea kwenye kigoda. Nikakaa.

Asubuhi bilauri ilikuwa na miswaki miwili.
Wa tatu alikuwa nao Tymon, mkono umezama hadi kiwiko,
akisugua mwani taratibu, upande mmoja.
"Kioo cha mbele tu," akaniambia.
"Huko nyuma usiguse. Kuna wanaoishi."