Vidole Visivyosomeka

Pale Kizota, chini ya mwamvuli wa kusajili laini,
kijana alinishika kidole gumba, akakifuta kwa shati lake,
akakibonyeza kwenye kioo mara saba.
Mashine ikakataa.
"Mzee, vidole vyako havisomeki.
Paka mafuta, kaa wiki bila kazi, kisha urudi."
Wiki bila kazi!
Nikacheka, na nyuma yangu shehena ya alizeti
ikasubiri, imefungwa kwa kamba
zilizokula ile mistari aliyokuwa akiitafuta.

Miaka kumi na tisa.
Kamba ya turubai, spana ya magurudumu,
boneti iliyoshinda juani Manyoni,
usukani ambao saa nane mchana
huushiki, unauomba.
Mkono wangu wa kulia ni mweusi kuliko wa kushoto,
maana dirisha lina jua lake.
Nikivua shati utadhani nilishonwa na mafundi wawili
wasiosemezana.

Glavu? Tulikuwa nazo.
Siku wakaguzi walipokuja yadi ya Ihumwa
tajiri alitugawia pea moja moja, za ngozi, za njano,
na vizibao vya kung'aa, na buti ngumu kama tofali.
Tukapangwa mbele ya magari, tukapigwa picha.
Jioni karani akapita na gunia
akizihesabu kama mayai.
Chisewo alificha moja, ya kushoto.
Akakatwa elfu nane.
Hadi leo anafunga turubai
mkono mmoja umevaa, mmoja uchi.

Mimi nilimcheka. Mkono wa dereva, nilisema,
hujivika wenyewe. Sugu ndiyo glavu yangu,
hainunuliwi, haipotei, haidaiwi na karani.
Usiku tukipata pancha mteremko wa Sekenke
nilikata matawi nikayatandaza barabarani
(pembetatu zilikuwa kwenye fomu tu),
nikafungua nati za moto kwa viganja vitupu,
Chisewo akinimulika kwa simu, akiniita Chuma.
Nilipenda kuitwa Chuma.

Kisha mwezi wa pili, safari ya Kahama imeahirishwa,
nikawa nyumbani Chigongwe.
Nyemo, kitinda mimba wangu, amelala mchana,
jambo lisilo lake.
Mama yake yuko bombani.
Nikaweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto.
Hakuna kitu.
Nikakiweka tena.
Ilikuwa kama kumgusa nikiwa upande wa pili wa ukuta.
Amechoka tu, nikasema, nikatoka nje kunoa panga.

Mama yake hakuwahi hata kutua ndoo vizuri.
"Sajilo! Mtoto anaungua!"
Na mimi nilikuwa nimemgusa.
Nilikuwa nimemgusa mara mbili.

Alipona.
Wiki ile ile nikaenda Majengo, nyuma ya viatu vya mitumba,
nikanunua pea ya ngozi ya ng'ombe, mshono nje,
elfu kumi na mbili, sikupunguziwa hata mia.
Mama muuzaji akaniuliza, "Unaogopa nini, baba, kuchubuka?"
Nikatafuta la kusema.
Nikasema, "Ndiyo."

Sasa nazivaa. Wenzangu pale mizani ya Nala
wananiita bibi harusi.
Nimeongeza na mto wa sufi nyuma ya kiuno;
wakiuanza na huo, waanze tu,
viuno vyao navijua vinavyoshuka garini.
Jioni nikizima injini nazivua glavu,
napaka mafuta ya alizeti, haya haya ya kupikia,
kisha napitisha kidole shavuni
nikitafuta ndevu, jasho,
chochote.

Juzi, Kintinku, nilishika kikombe
nikakitua haraka, chai ikamwagika mezani.
Chisewo akauliza, vipi?
Ya moto, nikamwambia. Chai ni ya moto.
Akanitazama kama mtu aliyesikia habari mbaya,
akaendelea na chapati yake.

Laini bado ina jina la mke wangu.