Dawa ya Kikohozi

Saa tatu na robo ndege ya Dodoma
inakwangua bati letu hapa Kisauni,
na Nyemo, aliyekuwa ukingoni mwa usingizi,
anafumbua jicho moja: "Imemleta babu?"
Haikumleta. Lala.
Sechelela, niliyemwachisha ziwa juzi,
amehamia kwenye sikio langu; analishika
kama mpangaji aliyekwisha lipa kodi ya mwaka.

Nami nangoja.
Nangoja pumzi zao zishuke ngazi, moja moja.
Nangoja kisigino kiache kupiga ukuta.
Kisha naunyofoa mkono chini ya shingo ndogo,
polepole, kama mwizi anayemheshimu mwenye nyumba.

Nyuma ya gunia la mchele, chini ya kanga kuukuu,
iko chupa.

Miaka mitano sikuonja:
mimba, ziwa, mimba, ziwa.
Bilauri wamezimaliza watoto hawa,
mbili kwa mpira, moja kwa hasira,
basi nanywea kikombe cha plastiki chenye picha ya bata.
Namimina mpaka shingoni mwa bata. Hapo basi.

Nainusa kwanza.
Humo mna Hombolo, mna vumbi la Septemba,
nyuki, ndoo za bati, viganja vya mama vinavyonata,
mbuzi wa jirani aliyekula kichala kizima akachapwa,
na baba akibinya zabibu kwa kidole gumba,
akitikisa kichwa: bado, bado kidogo.
Chiduo yuko Kiwengwa anawamiminia wageni
chupa za bei ya mbuzi wawili.
Akirudi Alhamisi hanusi kitu. Anavua viatu, anakoroma.

Usiku mmoja Nyemo alinifuma.
"Nini hicho?"
Ulimi ukaitangulia akili:
"Dawa. Ya kikohozi."
Na kwa kuwa uwongo hudai shahidi, nikakohoa.

Kufika Jumatatu mtaa mzima una habari:
mama Nyemo ana kifua kibovu,
dawa yake nyekundu, huinywa na bata.

Bi Mize akaja. Akakaa mkekani,
akamvuta Sechelela kati ya magoti
akaanza kumsuka bila kuombwa.
"Mwanangu, kikohozi hichi
chakujia Jumamosi tu?"
Nikaitazama sakafu.
Akatoa asali kwenye mkoba. Asali ya Pemba,
ndani ya chupa.

Chupa niliijua.
Niliibandua karatasi kwa maji ya moto,
nikaiviringisha gazeti, nikaizika chini ya nepi,
nikaipeleka jaani usiku, mfuko mweusi mkononi.
Ina kovu shingoni, ilipogonga bomba.

"Nimeikosha mara saba," alisema.
"Chupa nzuri kama hii haitupwi."
Akatia mate kidoleni, akafunga ncha ya ukili,
akahamia wa pili.

Jana Nyemo alikohoa kweli,
kikohozi kikavu, cha kubweka.
Nikamwacha bata mezani, nikakimbia.
Kijiko cha asali. Akageuza uso.
"Siitaki hiyo. Nataka yako, ile nyekundu."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda
na uwongo wangu mapajani, umeshaota meno.
"Ile si dawa," nikamwambia.
"Ni zabibu za babu. Zimekaa gizani
siku nyingi, mpaka zikawa kitu kingine."
Akafikiri. "Zinaogopa giza?"
"Mwanzoni, ndiyo."
"Halafu?"

Halafu akalala, sijapata jibu,
na Sechelela akaamka akidai sikio.

Adhana ya alfajiri ilinikuta jikoni.
Bata alikuwa kama nilivyomwacha, amejaa mpaka shingoni,
na sisimizi wawili wanaelea.
Mmoja bado anapiga miguu.
Nikamtoa kwa ncha ya kijiko,
kijiko kilekile, chenye asali.