Mwanya

Mama alikuwa na mwanya.
Meno mawili ya mbele, na kati yake
upenyo wa kupitisha mluzi
aliouita kwao nyumba nzima,
kutoka gereji hadi jikoni,
hata theluji ilipofika usawa wa madirisha.

Miaka ishirini na miwili alifunga injini
katika kile kiwanda cha Trollhättan,
hadi asubuhi ya Desemba walipoambiwa basi.
Kila mtu akaondoka na alichoweza kubeba:
Sune kikombe chake, Majbritt kalenda,
Mama geji yake ya majani ya chuma,
membamba kama kurasa za kitabu cha sala.

Mimi nilibeba kiburi.
Miaka kumi na tisa, gari jekundu la mkono wa nne,
turbo niliyoiongezea msukumo kwa bisibisi
na ushauri wa Torkel, asiyejua lolote.
Plagi mpya nilizitoa kwenye boksi, nikazifunga zilivyo:
milimita moja nukta moja.
Bensini nikajaza ya tisini na tano,
maana ya tisini na nane ilizidi kwa krona moja na nusu,
na krona ni krona.

Kilima cha kupandia Hunneberg, gia ya tatu.
Mama kando yangu, viazi mapajani.
Turbo ikavuta pumzi, ikashindilia,
na gari likakohoa.
Likakohoa tena. Kisha, chini ya kikohozi,
nikasikia misumari ikitikiswa mkebeni.
Mama alifumba macho, kama anayesikiliza
watu wakigombana chumba cha pili.
Akasema: zima.

Usiku ule aliweka plagi nne juu ya gazeti.
"Hewa ikibanwa hugeuka ukuta," alisema,
"na cheche lazima iutoboe.
Ukuta umeufanya mnene, na safari umeifanya ndefu.
Unataka ifike na nini?"
Akagonga plagi ukingoni mwa meza,
taratibu, ncha tu, kigae cheupe kisiguswe,
akapitisha jani la geji,
akagonga tena, akapitisha,
hadi jani likakwama kidogo, likateleza kidogo.
Sufuri nukta sita tano.

"Kwa nini tusizibe zaidi?"
"Cheche itakuwa kibubu.
Gari litatetemeka kwenye taa nyekundu
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema."

Na ile misumari?
Hapo hakunijibu upesi. Alimenya kiazi kimoja chote.
"Watu hudhani oktani ni nguvu.
Oktani ni subira.
Bensini yako inawaka kabla haijaitwa,
pistoni ingali inapanda, nayo inaikanyaga kichwani.
Ile ya ghali ndiyo inayongoja kuitwa."
Akanitazama. Nilijua sasa hatuzungumzii bensini,
au tulizungumzia bensini tu; kwa Mama
huwezi kujua.

Nilijaza ya tisini na nane.
Kilima kikawa kifupi.

Majira haya ya kuchipua meno yake yamekwisha.
Nilimpeleka Uddevalla kwa fundi wa meno,
kijana mpole, Hampus, mikono yake imetakata
kama mikono ambayo haijawahi kufungua injini.
Akamwonyesha safu ya mfano, nyeupe, zimepangwa
bega kwa bega kama askari.
Mama akatikisa kichwa. Akagusa katikati.
Mwanya, akasema. Nisipopiga mluzi
huyu hatasikia nikimwita.

Hampus akatabasamu, akashika kalamu:
mwanya wa kiasi gani?

Nikaona mkono wake ukiingia mkobani,
nikajua kabla haujatoka.
Majani ya chuma yakafunguka mezani,
yamepinda kidogo, yananuka oili.
Nilidhani atachagua sita tano.
Alivipita vidogo vyote, akaunganisha mawili,
akayapima kwa kidole gumba, akamkabidhi.

"Moja nukta moja," alisema.
"Humu hamna turbo."