Ada ya Kuanguka

Mamake Shaame alinishika mkono sokoni Chake:
"Mwalimu, nasikia wamfundisha mwanangu kuanguka.
Nimeuza karafuu za misimu mitatu.
Kuanguka nako kwalipiwa ada?"

Nilicheka, nikanunua mbatata zake, sikumjibu.

Leo asubuhi, juu ya Misali, futi elfu nne,
bahari bapa kama sinia.
Punguza gesi, nikamwambia. Vuta pua, taratibu,
usiiruhusu ndege ishuke.
Sindano ya mwendo ikarudi: sitini, hamsini.
Upepo ukanyamaza.
Kimya hicho kisikilize, ndiyo dalili ya kwanza.
Ya pili i mikononi mwako: usukani umelegea
kama kamba isiyofungwa kitu.
Kisha king'ora, kikalia kama mtoto anayenyolewa,
kisha mtikisiko, mgongoni, makalioni,
kama gari kwenye barabara ya kifusi.

Pua ikaanguka. Bawa la kushoto likatangulia.
Shaame akavuta.

Wote huvuta. Nilivuta mimi pia.
Nani aangukaye akaisogelea bahari kwa hiari yake?
Akavuta, na kila alipovuta tukazama,
Misali ikazunguka kiooni, kijani, nyeupe, kijani.

"Injini haijazima," nikasema. "Isikie.
Kilichozima ni bawa.
Upepo unalipiga tumboni,
na bawa hubebwa kwa mgongo."

Nikachukua usukani, nikatutoa.
Tukapanda tena. Akavuta tena.

Mara ya tatu nikamuuliza, king'ora kikilia:
"Ulipokuwa ukichuma karafuu Mtambile,
tawi likilia, ulilikumbatia?"
"La. Nilishuka la chini yake."
"Basi shuka."

Vidole vikafunguka, kimoja kimoja.
Pua akaiacha iione bahari,
mguu wa kulia ukalisawazisha bawa, gesi yote,
na ndege, iliyokwisharukuu,
ikarudi kwenye itidali.

Futi mia mbili tu tulipoteza.
Shaame akacheka peke yake, jasho likimtiririka puani,
akasema: "Tena."

Aliye juu mngoje chini, husema watu.
Mimi humngoja huku huku juu, kiti cha kulia,
mikono mapajani, kidole kimoja tu kutoka usukani,
nimeilaza kama mtu asiye na wasiwasi.

Mikono hiyo hutetemeka.
Mamake akiuliza tena,
nitanunua mbatata.