Ncha ya Mkate wa Kwanza

Sindano ilikataa mara tatu.
Vidole hivi vimeungua tanurini miaka thelathini na minne,
ngozi ya ncha imekuwa kwato.
Daktari Nestani akacheka kidogo, akachoma ubavuni
mwa kidole cha mwisho, kile ambacho moto ulikisahau.
Tone likatoka. Kipimo kikalia.
Kumi na sita nukta nne.
Akanigeuzia ile namba
kama mtu anayeonyesha deni lenye sahihi yako.

"Ushangi," akasema, "adui yako ni wanga."

Nami nikawafikiria wale wengine,
wa usiku wa manane, wanaozunguka nyumba za watu bila nguo.
Kumbe hawa wangu huvaa nyeupe.
Hufika alfajiri kwa lori la kinu, magunia ishirini,
na mimi ndiye ninayewapokea kwa bega,
ninayewapa maji, chumvi, hamira,
ninayewafunika kitambaa walale, waumuke.

Nyuma ya soko la Kutaisi mtaa mzima unanila mimi:
mkate mrefu, uliochongoka pande mbili kama mwezi mchanga.
Naubandika kwenye ukuta wa tanuri nikiwa nimezama hadi kiunoni,
miguu hewani, na Lamara dirishani akihesabu chenji
huku akiomba nisitumbukie.
Na tangu enzi za baba, mkate wa kwanza
huvunjwa ncha, ikaliwa ingali ikifuka mvuke.
Si njaa. Ndiyo mizani ya chumvi.

Kinyozi hajinyoi, sawa.
Lakini nani amewahi kumkataza kinyozi
asiguse nywele?

Wiki ya kwanza niliiba.
Nilitafuna nyuma ya magunia, panya wa nyumba yangu mwenyewe,
na kile kipimo, shushushu kisicho na haya,
kikanitaja kabla ya adhuhuri.

Wiki ya pili Lamara hakusema neno.
Alipanga mezani bilingani zilizokunjwa
juu ya jozi zilizotwangwa na kitunguu saumu,
majani ya kiazisukari (majani tu,
kiazi chenyewe tumemwachia ng'ombe wa jirani),
jibini la chumvi, samaki wa Rioni, mayai mawili.
Nikatazama huku na huku.
"Na cha kumegea?"
Akanipa uma.

Sikujua mkono unaweza kufiwa.

Mwezi wa tatu dawa ilikuwa ileile, chakula kimepungua,
vikagombana ndani yangu nikiwa nimeinama juu ya makaa.
Jasho la baridi. Magoti maji.
Tatu nukta moja.
Malkazi, kijana ninayemfundisha kazi,
akanivuta kwa mshipi, akaninywesha juisi ya pichi,
na ile sukari niliyoitoroka
ndiyo iliyonishika mkono kunirudisha.
Nestani alinigombeza kwa simu mpaka Lamara akasikia jikoni:
kwa nini hukuniambia unafuata chakula hivi, kikamilifu,
mtu mkaidi kama wewe?
Akapunguza vidonge, nusu.

Sasa ni majira ya baridi. Nimetoboa mshipi matundu mawili mapya.
Usiku siamki tena mara tano kwenda msalani,
naamka mara moja, nasikiliza theluji, narudi.
Bado ninanuka mkate. Wanga wamekaa kwenye nyusi zangu,
wamekaa masikioni, na hawanipati.
Siku nyingine wananipata.

Anayeonja ni Malkazi.
Jana Bi Tsiuri alirudisha mikate mitatu:
mwenye chumvi hii, akasema, amependa mtu,
na kijana akawa mwekundu hadi shingoni.
Leo nimegonga tumbo la mkate kwa ukucha,
nimenusa, nimeusogeza karibu na sikio.
Ukoko unaniambia moto. Harufu inaniambia hamira.
Chumvi haina sauti.

Ananivunjia ncha kwa mazoea, kisha anakumbuka,
anaitia kinywani mwake.
"Chumvi vipi?"
"Imezidi."
"Kidogo?"
Anafikiri, shavu limejaa, mvuke unamtoka puani.
"Sijui," anasema. "Ni tamu."