Punje Yenye Mwiba

Saa saba ya Oktoba, Ubaruku,
vumbi la mashine ya kukoboa limetuganda kwenye nyusi,
mfereji unatuita kwa majina ya nyumbani.
Nani angeukatalia?
Mimi ndiye niliyemfundisha Lugano kuruka:
vuta pumzi, fumba macho, usiwaze chini kuna nini.

Chini kulikuwa na mengi.
Mifuko ya mbolea iliyochanika,
oili ya pampu ya Mwashitete ikitandaza upinde wake wa mvua,
konokono wadogo, weusi, wapole,
wamekaa kwenye magugu kama watu wanaosubiri zamu yao.
Na juu kidogo, penye kona,
kambi ya vibarua wa majaruba,
watu ishirini na wanne, choo hakuna,
kichaka tu, kinachoteremkia majini.
Tuliyajua hayo.
"Maji yanayotembea hayana kinyaa," tulisema,
maneno ya wakubwa;
hatukuuliza yanatembea yakitokea wapi.

Jioni ngozi iliwasha. Tukajikuna,
tukasema ni makapi ya mpunga.

Mpunga ukapandwa, ukabeba, ukainamisha vichwa.
Asubuhi moja, nyuma ya zizi, Lugano akaniita kwa mkono.
Hakusema neno. Alinionyesha mchanga:
matone ya mwisho, mekundu.
"Inauma?"
"Mwishoni tu."
Na mimi, mwenye miaka kumi na miwili na elimu yote ya kijiweni,
nikampa mkono wa pongezi.
Karibu, nikamwambia. Sasa umekuwa mwanaume.
Mimi mwenyewe nilikuwa mwanaume tangu Krismasi.

Alitembea kifua mbele wiki nzima.
Kisha akaanza kusinzia darasani,
akaacha mpira,
akawa anakwenda haja mara sita kabla ya chai,
amekunja uso kama anayekamuliwa jipu,
na bado hakusema, kwa sababu mwanaume hasemi.
Hilo pia nilimfundisha.

Kaptula ndiyo iliyosema.
Mama aliliona doa, akalisugua kwa sabuni ya mche,
mara ya kwanza, mara ya pili,
ameinama palepale, magoti majini,
na doa likalegea, likatuacha, likashuka na mkondo
kwa wenzetu wa chini, wanaochota maji ya chai.

Zahanati, dada wa maabara, Tulinagwe,
alichungulia kwenye darubini yake, akakaa kimya,
kisha akaninyanyulia kidole: njoo uone.
Nikafumba jicho moja.
Punje.
Ilikuwa punje ya mpunga, naapa,
ndogo kuliko neno "ndogo",
ganda lake kamili, mwiba kwenye ncha.
Sisi ni watu wa mpunga,
punje iliyo hai tunaijua kwa kuitazama.
"Kichocho," akasema, huku anaandika.
"Zimejaa. Na wewe kikopo chako kiko wapi?"

Akatusimamisha kwenye ubao wenye mistari,
kisogo ukutani, visigino pamoja:
mimi vidonge vitatu, Lugano viwili na nusu,
vichungu, vikubwa kama vifungo vya koti,
juu ya viazi vya kuchemsha tulivyoambiwa tumalize.
Lugano alitapika getini.
Akarudishwa, akameza tena.

Njia nzima hakunitazama.
Mama alitangulia, kanga imekazwa kiunoni,
anahesabu kwa sauti ya chini nauli, dawa,
na bei ya mtu wa kuchimba choo.
Karibu na daraja Lugano akaniuliza:
"Kwa hiyo bado sijawa?"

Nikasema bado.
Nikasema, hata mimi.
Ilikuwa saa saba. Mfereji ulikuwa unameta,
na mtoto wa watu, ukingoni, uchi, mkavu bado,
alikuwa ameshavuta pumzi.