Daftari la Maembe, Kuriyati

Mama mdogo Zuwena aliacha daftari la jalada la kijani.
Hakuandika deni humo wala dua.
Aliandika maembe, hesabu ya kila mti,
tangu la kwanza kuanguka mpaka popo walipomaliza yaliyosalia.

Shamba la falaji. Shamba la pwani.
Miche ya mama mmoja, dodo,
aliyoibebesha mwenyewe kwa kisu cha kunyolea
na utepe uliokatwa kwenye mfuko wa maziwa.

Dodo, falaji: mia sita na kumi na mbili.
Mwaka wa pili: mia sita kasoro tano.
Dodo, pwani: mia nne.
Mwaka wa pili: kumi na tisa.
Pembeni: *kisima kimeanza kuonja bahari.*
Kisha mia tatu.
Kisha sufuri, na neno moja: *gharbi*,
upepo ule wa moto uliokausha maua kabla hayajashika.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sawa.
Lakini ukutani, pale pale pwani,
palikuwa na embe la kienyeji, dogo, lisilo na jina,
nyuzi zake hubaki menoni hadi alasiri.
Mia arobaini. Mia hamsini na moja.
Mia thelathini na nane. Mia arobaini na nne.
Chumvi ile ile. Gharbi ile ile.

Akaja kijana wa Wizara, Muatasim, na kompyuta yake.
Akataka wastani.
Nikampa. Dodo likashinda.

Wastani haujapata kulala na njaa.
Mwaka wa sufuri mama mdogo alivua kekee,
akaenda nazo Matrah,
akarudi mkono mwepesi.
Hilo daftarini halimo.

Sasa Thuweini ananipigia kutoka Maskati:
kanunua kiwanja karibu na ufuo,
anataka miche sitini ya dodo, yote dodo,
maana dodo ndilo linalopigiwa picha.
Maji ya kisima umeyaonja? nikamuuliza.
Akacheka.

Nimembebeshea kienyeji arobaini.
Dodo ishirini, zipandwe nyuma kabisa,
mbali na chumvi, ukuta uzikinge.
Hajajibu.

Jana nilihesabu la ukutani.
Mia arobaini na mbili.
Moja nililila pale pale, wima, juisi hadi kiwikoni,
nikaliandika nalo.